Ufunguo wa pango ukae kwa nani: namna tunavyopokea wageni pango lisiumie

Ufunguo wa pango letu umetundikwa kwenye msumari jikoni kwa mjomba wangu, chini ya vibuyu vya mbege, pombe yetu ya ndizi. Kando yake kuna kaunta buku ya kwaya mbili yenye majina ya kila mtu aliyeingia tangu 2019. Watu wakiniuliza tulifanyaje hadi pango likatulia na wageni wakaendelea kuja, nawaonyesha kwanza vitu hivyo viwili. Nikiwa na muda ndipo nawaeleza yaliyobaki, na leo muda ninao.

Mimi ni mwongoza wageni, naishi Moshi mjini, Majengo. Kabla ya kupata leseni nilibeba mizigo Kilimanjaro miaka sita. Pango liko kijijini kwa mama yangu, juu ya Himo, chini ya vihamba vya migomba na kahawa. Kijiji sikitaji. Pango ambalo halina mlinzi mchana na usiku halitangazwi, na hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaambia wanaotaka kufungua la kwao.

Jua kwanza una pango la aina gani. La kwetu ni bomba la lava. Mto wa lava ulipotiririka, juu ukapoa na kuganda, ndani ukaendelea kwenda mpaka ukakauka, likabaki handaki. Ukuta wake una ngozi nyembamba yenye mng'ao, na mahali pengine imechuruzika kama uji uliomwagikia ukingo wa sufuria ukakaukia hapo hapo. Darini kuna vidole vya mawe vifupi kuliko kidole changu cha mwisho. Kule Amboni, Tanga, mwamba ni wa chokaa, na maji bado yanajenga mawe yanayoning'inia, ingawa mara nyingi hayafikishi hata milimita moja kwa mwaka. Kwetu hakuna kinachojenga tena. Lava ilishapoa, na kidole kikivunjika leo kimevunjika moja kwa moja.

Ukiwa na mahandaki waliyochimba wazee wetu kujificha wakati wa vita na Wamasai, kama yale wanayoonyeshwa watalii Marangu, kazi yako ni nyingine. Ule ni udongo uliochimbwa kwa mikono, unaweza kuporomoka, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakuhusu kabla hujagusa chochote. Na pango likiwa ndani ya hifadhi ya Kilimanjaro, mwenye sauti ni hifadhi, si kijiji. Tulipokuwa wapagazi tulisimuliwa jinsi waliotutangulia walivyolala na kupika kwenye mapango ya mlimani. Siku hizi ni marufuku, na ni haki iwe marufuku.

Tulivyokosea

Mwaka 2018 kijiji kiliamua kulifunga pango. Vijana walikuwa wanaingia na chupa, wanaandika majina ukutani, na kila mtu alikubali kwamba iwekwe kufuli. Tukachanga, tukamwita fundi wa kuchomelea kutoka Himo, akatengeneza mlango wa bati zito wenye upenyo kidogo juu. Ulikuwa mlango mzuri, kila aliyepita aliusifia.

Asubuhi ya tatu mjomba alinipigia simu. "Njoo uone tulichokifanya." Nyuma ya bati, chini, walilala popo wadogo, wale wanaokula mbu na wadudu. Nilihesabu kumi na tisa, nikaacha kuhesabu. Hewa ya ndani nayo ilikuwa imebadilika, nzito na yenye joto, maana pango linavuta na kutoa hewa kwa mdomo wake na sisi tulikuwa tumeuziba. Tuliung'oa mlango siku hiyo hiyo.

Kosa la pili lilichukua muda zaidi kuonekana. Ili tupate fedha ya mlango mpya, tuliipa kampuni moja ya utalii Jumamosi zote za Julai na Agosti. Walileta wapenda mapango kutoka Ulaya, watu waungwana kabisa, wenye helmeti na kamba zao, waliotembea humo kwa adabu kuliko sisi wenyewe. Lakini Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo wanafunzi wa sekondari ya jirani wangeweza kuja. Mwalimu wao wa jiografia aliomba mara tatu, akajibiwa mara tatu kwamba siku imechukuliwa. Usiku mmoja baadhi ya wale vijana waliruka, wakaingia na mienge ya makuti na mafuta ya taa.

Masizi yao bado yapo. Ukisimama hatua ishirini kutoka mlangoni ukainua tochi, utaona madoa matatu meusi darini, moja likiwa na alama ya kiganja cha mtu aliyejishikiza. Nilidhani nitayatoa. Nilipanda ngazi na brashi laini ya mswaki na maji safi, nikasugua kwa upole kama ninavyomwogesha mtoto. Doa halikutoka. Iliyotoka ni ngozi ya lava, kipande cha ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, na chini yake mwamba ulikuwa mkavu, mwekundu, usio na mng'ao wowote. Nikashuka. Kile kipande ninacho mpaka leo kwenye kiboksi cha kiberiti, na kila mgeni anakiona kabla hajaingia.

Wale watoto siwalaumu. Tuliwafungia kitu kilicho chini ya mashamba ya babu zao, tukakifungua kwa mwenye fedha. Kuanzia hapo nilielewa kwamba hesabu ya nani anaingia na hesabu ya kulilinda pango ni hesabu moja. Unayemnyima mlango bila sababu anayoielewa atapita usiku, na usiku hakuna anayemwambia asiguse.

Anzeni kwa mwenye kihamba

Kabla ya mkutano wowote, nenda kwa mtu ambaye migomba yake iko juu ya pango. Nenda jioni, nenda na mtu mzima wa ukoo wenu, na usiende na karatasi ya kusaini. Mjomba wangu alikuwa na hoja mbili tu: njia isipite katikati ya kahawa, na asiamshwe usiku. Zote mbili zimo kwenye kanuni zetu, za kwanza kabisa.

Kisha wazee. Kwetu wapo wanaomwaga mbege mdomoni mwa pango mvua inapochelewa. Wapo pia waumini wenzangu wasiopenda jambo hilo, na kikao kilikuwa kirefu. Niliwaeleza habari ya Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na bado wenyeji huenda kufanya matambiko ya mvua na uponyaji kwenye baadhi ya miamba hiyo hiyo. Pombe ikirushwa kwenye mchoro inauharibu. Ukimfukuza mzee, naye ndiye aliyelitunza jiwe kabla ya serikali yoyote, umepoteza mlinzi. Sisi tulikubaliana hivi: mbege inamwagwa nje, kwenye jiwe bapa upande wa kushoto, wazee wanapata siku yao wakiiomba, na siku hiyo hakuna mgeni wala kamera.

Baada ya hapo ndipo mwende kwenye sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, mkutano mkuu wa kijiji unaijadili, yaani wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, kisha inapelekwa halmashauri ya wilaya kuthibitishwa. Inachosha, ila msiiruke hatua hii. Kanuni iliyopo kichwani mwa mwenyekiti inaondoka na mwenyekiti.

Mlango

Nondo zilale, zisisimame. Popo mdogo anapita kwenye upenyo mrefu wa kulala, lakini nondo za wima zinamchanganya na kumbana mbawa. Tulichoweka sasa ni nondo za kulala zenye nafasi ya kama sentimita 15 kati ya moja na nyingine, bila bati hata kipande, na kijilango cha mtu mmoja chini. Hewa inapita, popo wanapita, mtu hapiti.

Pango letu lina mdomo wa pili juu zaidi, ambapo dari liliporomoka zamani. Huko wanakaa popo wa matunda, wale wakubwa wenye uso kama wa mbwa, na huko haendi mtu yeyote. Popo wa aina hiyo wa mapangoni ndiye anayejulikana kubeba virusi vya Marburg, homa kali inayoua. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kutembelea Python Cave, Uganda, na Mmarekani mmoja aliyeingia humo kabla yake aliugua akapona. Hapa kwetu ugonjwa huo ulitangazwa Kagera Machi 2023, na tena Januari 2025. Kwa hiyo kwenye mdomo wa juu sikubali hoja ya uzoefu, wala ya barakoa, wala ya kwamba amesafiri kutoka mbali.

Kuweka nondo pale hatukutaka, mbawa zao ni pana mno. Tulizungusha wavu umbali wa hatua kumi, na mbele ya wavu tukapanda masale. Kwa Mchagga sale ni mpaka wa kihamba na ni jani la kuombea msamaha, mtoto wa kwetu hakanyagi akalipita tu. Yamekua, yananifika kiunoni, na tangu yapandwe wavu haujakatwa.

Uganda hawakulifukia lile pango. Walijenga kibanda cha kioo kwa mbali ili watu waone popo bila kuwakaribia. Sisi kioo hatuna, tuna benchi la mbao za mgrivea, hatua arobaini kutoka kwenye wavu, upande ambao upepo hautoki pangoni. Jioni kama saa kumi na mbili na nusu wanatoka kama moshi. Kukaa kwenye benchi ni bure kwa mtu yeyote, na wageni wengi wameniambia wamelipenda kuliko ndani.

Wangapi, na zamu ya nani

Kule Ufaransa kuna pango la Lascaux, lenye michoro ya kale ya wanyama. Lilifunguliwa kwa watu 1948, likafungwa 1963, kwa sababu pumzi za watu na taa vilikuwa vimeanza kuotesha utando wa mwani wa kijani juu ya michoro. Waliokuja hawakuwa wahuni, walikuwa wengi tu. Ninalitaja kila mtu anaponiambia "sisi tutakuwa waangalifu."

Anza na idadi ndogo kuliko unayodhani inafaa. Kuongeza baadaye ni rahisi, kupunguza ni ugomvi. Sisi tuna siku tatu kwa wiki, makundi mawili kwa siku, watu wasiozidi sita pamoja na kiongozi. Wasipungue wanne pia: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na wawili wanatoka pamoja kuita msaada. Masika yote tumefunga, maji yanaingia.

Zamu ndiyo ilituletea kelele nyingi, kwa hiyo nitaieleza vizuri. Katika makundi mawili ya siku, moja ni la wageni kutoka nje ya wilaya, Mtanzania au mzungu, na moja ni la wenyeji na shule. Nafasi ya shule haiuzwi kwa mgeni hata ikiwa wazi mpaka Jumatano ya wiki hiyo, hapo ndipo inaachiwa. Kampuni moja haishiki zaidi ya tarehe mbili kwa wakati mmoja. Anayetangulia kuandikwa ndiye anayeingia, na kuandikwa ni kwenye lile daftari la mjomba, kwa kalamu ya wino, si kwenye simu ya mtu. Mgeni wa nje anaweza kupiga simu, mjomba anaandika huku anamsomea. Mtu yeyote wa kijiji anaweza kuja jikoni akasoma daftari lote, na wanakuja.

Wakati fulani mkuu wa msafara mmoja aliweka noti za dola mezani ili apewe nafasi ya wanafunzi siku hiyo hiyo. Mjomba alimkaribisha chai, akazirudisha zile noti kwa mikono miwili, akamwonyesha tarehe ya karibu iliyo wazi. Yule bwana alirudi wiki mbili baadaye na watu wake, na safari hiyo alifika mapema kuliko mwongozaji wao.

Ada ni lazima iandikwe ukutani. Mgeni wa nje analipa zaidi, mwanafunzi halipi, mwenyeji analipa kidogo sana. Fedha iingie akaunti ya kijiji na stakabadhi itoke, isipite mfukoni mwa mwongozaji, hata awe mimi. Mgao wetu umesomwa kwenye mkutano mkuu: mwenye kihamba, mlinzi, matengenezo, na madawati ya shule ya msingi. Ukificha fungu moja tu, watu watadhani umeficha yote.

Mlangoni

Mgeni akifika tunakaa kwanza. Anaona kile kiboksi cha kiberiti. Kisha nakagua: helmeti, taa tatu kwa kila mtu (tochi ya kichwa, ya akiba, na ya akiba ya ile ya akiba, na tochi ya simu siihesabu), buti zenye soli nzima. Asiye na buti namwelekeza soko la Memorial Moshi, huko mtumba mzuri haukosekani. Mienge, mishumaa, sigara na chakula vinabaki nje. Haja ndogo inamalizwa nje. Kwa dharura kuna chupa, na chupa inarudi na mwenyewe.

Wanaotoka Ulaya na Marekani nawauliza swali moja kabla hawajafunga mizigo yao: je, buti na kamba mlizitumia kwenye mapango ya kwenu? Marekani kuna ukungu unaowaota popo puani na kwenye mbawa wakati wamelala usingizi wao mrefu wa majira ya baridi. Uligunduliwa jimbo la New York mwaka 2006 na umeua popo kwa mamilioni. Ulaya nako upo, ingawa popo wa huko wanauhimili. Unapenda baridi, na huenda kwetu chini ungeshindwa, lakini mlima huu una mapango ya baridi huko juu na buti ni zile zile. Vifaa vilivyoingia mapango ya huko vibaki huko. Isipowezekana, viloweshwe kwenye maji ya nyuzi 55 kwa dakika 20 bila kupoa, na mimi nizione picha za kipimajoto. Tuna helmeti na kamba za kukodisha, kwa hiyo hakuna anayekosa safari kwa sababu hiyo.

Wakitoka, buti zinapigwa brashi kwenye beseni lililo nje ya geti, na maji hayo yanamwagwa mbali na mfongo, mfereji wetu wa maji, maana unakwenda kwenye mashamba na majikoni ya watu.

Ndani kuna njia moja, iliyowekwa alama kwa kamba nyeupe ya manila pande zote mbili, chini kabisa kwenye sakafu. Mguu haupiti kamba. Mkono haugusi ukuta, na penye kujishikiza pako pawili tu, nimepaonyesha kwa utepe. Popo mdogo akiwa amelala, taa inageuzwa na sauti inashushwa. Vumbi la mavi ya popo halichokorwi, lina ukungu unaoshambulia mapafu. Na kabla hatujaingia namwambia mjomba saa ya kutoka. Ikipita nusu saa hatujaonekana, anaanza kutafuta watu.

Picha na ramani

Piga picha unavyotaka, lakini zima kwanza alama ya mahali kwenye kamera ya simu. Nimeshaona picha moja ya maua ya kijijini ikimleta mtu asiyealikwa mpaka getini.

Wanaopima na kuchora pango tunawakaribisha, wana ujuzi ambao sisi tunauhitaji. Lakini miaka ya nyuma walikuja watu wawili, wakapima siku tatu, wakaondoka na ramani, na sisi tuliobaki hatukuwa na hata nakala. Sasa mpimaji anaacha nakala ya karatasi ofisi ya kijiji kabla ya kupanda ndege, anaweka majina ya wenyeji waliomshikia utepe, na hachapishi mahali lilipo. Mtafiti anayetaka kuchukua chochote, hata kijiwe, aje na kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, mkononi.

Kulitazama

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi naingia na kijana mmoja wa sekondari, zamu kwa zamu. Tunapiga picha tisa kutoka sehemu tisa zile zile, zilizowekewa alama ya rangi kwenye kokoto zisizo za pangoni. Tunalinganisha na za mwezi uliopita. Mwaka jana tuliona kona moja imeanza kung'aa kwa kuguswa mabegani, tukasogeza kamba na kupunguza kundi la pili kwa miezi miwili. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu picha zilikuwa zimebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Jioni yake tunahesabu popo wa mdomo wa chini. Mnahitaji watu wawili, mkeka, na maharage mfukoni. Kaeni pembeni, msikae mbele ya mdomo, bila taa, mbingu ikiwa bado nyeupe nyuma yao. Kila popo kumi wakitoka, harage moja linahama mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Mwenzako naye anahesabu yake, hamwambiani mpaka mwisho. Mkipishana sana, andikeni zote mbili. Baada ya mlango wa bati tulianza na maharage manne. Mwezi uliopita yule kijana alikuwa na thelathini na moja, mimi ishirini na tisa, tukaandika zote mbili kwenye kaunta buku, mjomba akatundika ufunguo.